Leo Fender: Fundi redio asiyejua kupiga gitaa, aliyebadili sauti ya dansi duniani

Ukitoka Tanga mjini ukashika barabara ya Pangani, unapita mashamba ya mkonge mpaka unafika Kigombe, kijiji cha wavuvi kinachotazama bahari. Ukanda huu si mgeni wa gitaa la umeme. Tanga ndiko walikotamba Atomic Jazz na Jamhuri Jazz kwenye dansi. Na ni huko huko Black Star na Lucky Star waliingiza gitaa na besi la umeme kwenye taarab, Bi Shakila akiimba juu yake.

Lakini kuna jambo moja wapenzi wengi wa muziki huo hawalijui. Mtu aliyefanya gitaa la umeme liwe chombo cha kila bendi hakuwa mwanamuziki. Alikuwa fundi redio mwenye jicho moja. Hakujua kupiga gitaa, wala hakuweza hata kulitunza nyuzi zake lisikike sawa.

Jina lake ni Leo Fender. Na hii ndiyo safari yake.

Jicho moja na sanduku la vipuri

Clarence Leonidas Fender alizaliwa Agosti 10, 1909, jimbo la California, Marekani. Wazazi wake walikuwa wakulima wa machungwa karibu na miji ya Anaheim na Fullerton.

Akiwa na miaka 8 alipata uvimbe kwenye jicho la kushoto. Madaktari wakaliondoa, akawekewa jicho la kioo. Ndiyo maana hata Vita vya Pili vya Dunia vilipokuja, hakuchukuliwa jeshini.

Alipokuwa kijana mdogo, mjomba wake aliyekuwa na karakana ya umeme wa magari alimtumia sanduku la vipuri vya redio. Kwa watoto wengine zingekuwa takataka tu. Kwa Leo ilikuwa sikukuu. Akaanza kufungua redio na kuzifunga, na kabla hajamaliza shule ya sekondari alikuwa tayari anatengeneza redio za watu.

Ajabu ni kwamba hakusomea umeme. Chuoni alisoma uhasibu. Ufundi wote alijifunza mwenyewe, kwa kufungua kitu, kukiangalia na kujaribu tena.

Deni la dola 600

Alifanya kazi ya kutunza hesabu hapa na pale. Mwaka 1934 alimuoa Esther. Hiyo ilikuwa miaka ya mdororo mkubwa wa uchumi, kazi zilikuwa za kubahatisha. Kazi ya mwisho ya uhasibu, kwenye kampuni ya matairi, ilidumu miezi michache tu akapunguzwa.

Wengi wangezunguka na vyeti kutafuta ofisi nyingine. Leo akakopa dola 600. Mwaka 1938 akafungua duka Fullerton, akaliita Fender Radio Service. Alitengeneza redio, alirekebisha mashine za santuri, na alikodisha vipaza sauti kwa wenye dansi na mikutano.

Hapo ndipo wanamuziki walipoanza kumjia. Huyu amplifaya yake inavuma. Yule gitaa lake waya umekatika ndani. Mwingine akipandisha sauti kidogo, gitaa linapiga mluzi ukumbi mzima.

Leo alisikiliza malalamiko hayo kwa miaka kadhaa. Akagundua kwamba vyombo vingi vilitengenezwa na watu wasiofikiria kabisa kwamba siku moja vitaharibika na fundi atatakiwa kuvifungua.

Pikapu, lakini si gari

Kabla ya kuendelea, ni vizuri kuelewa kitu kimoja. Pikapu ya gitaa ni kile kipande kidogo kilichokaa chini ya nyuzi. Ndani yake kuna sumaku, na kuizunguka sumaku hiyo kuna waya wa shaba mwembamba kuliko unywele, uliozungushwa maelfu ya mara.

Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, unazalisha umeme mdogo sana kwenye ule waya. Umeme huo unapita kwenye vitufe vya sauti na vya toni, unaingia kwenye waya mrefu, unafika kwenye amplifaya, unakuzwa, unatoka kwenye spika. Basi. Uzi ukiwa wa nailoni, pikapu ya namna hii haisikii kitu.

Leo hakuwa wa kwanza kubuni pikapu. Gitaa la umeme la George Beauchamp na kampuni ya Rickenbacker lilikuwepo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1930. Ila magitaa mengi ya wakati ule yalikuwa na tumbo lenye uwazi, kama gitaa la kawaida. Tumbo hilo linapokea kelele ya spika, linatikisika, na ule mluzi unaanza.

Wakati wa vita, Leo na rafiki yake Doc Kauffman walitengeneza pikapu yao. Ili kuijaribu, waliipachika kwenye kipande cha mbao ngumu kisicho na uwazi. Kilikuwa chombo cha majaribio tu, hakina uzuri wowote. Lakini wanamuziki walipokisikia wakaanza kupanga foleni kukikodi kwenda nacho kwenye dansi.

Sauti ilikuwa safi na kavu, tena haikupiga mluzi. Leo akajua ameshika kitu.

Gitaa la skrubu

Mwaka 1945 yeye na Kauffman walianza kampuni, wakauza magitaa madogo ya kulaza mapajani pamoja na amplifaya. Mwaka uliofuata Kauffman akaona hatari ya madeni ni kubwa, akajitoa. Waliachana kwa amani. Leo akaendelea peke yake kwa jina la Fender.

Ile kampuni changa haikuwa na maisha rahisi. Mishahara ya wafanyakazi ilikuwa kitendawili cha kila wiki, na Esther alikuwa anafanya kazi kampuni ya simu kusaidia nyumba isiyumbe.

Mwaka 1948 akajiunga naye kijana aitwaye George Fullerton. Kufikia 1950 wawili hao walikuwa na gitaa la mbao ngumu tupu, lenye umbo rahisi. Shingo yake haikugandishwa kwa gundi kama walivyofanya mafundi wa zamani. Ilifungwa kwa skrubu nne.

Watengenezaji wakubwa waliliona kama kichekesho. Wengine walilifananisha na kasia la mtumbwi.

Lakini hebu fikiria upande wa mpigaji. Shingo ikipinda, unafungua skrubu, unaweka nyingine. Pikapu ikifa, unafungua bamba, unatoa ya zamani, unalehemu mpya. Swichi ikileta kwikwi, nayo inatoka. Gitaa ambalo zamani lilihitaji fundi seremala wa kiwango cha juu, sasa linaweza kutengenezwa na fundi redio yeyote mwenye bisibisi na pasi ya kulehemu.

Gitaa hilo waliliita Broadcaster. Kampuni ya Gretsch ikalalamika kwamba ina ngoma zenye jina linalotamkwa hivyo hivyo. Leo hakutaka ugomvi. Wafanyakazi wake wakachukua mkasi wakakata neno hilo kwenye nembo, na kwa muda magitaa yakatoka kiwandani bila jina. Mwaka 1951 likapewa jina jipya: Telecaster. Linatengenezwa mpaka leo.

Besi lililowaokoa wapiga besi

Mwaka huo huo wa 1951 Leo akatoa kitu kingine, besi la umeme aina ya Precision.

Kabla yake, besi lilikuwa lile kubwa la kusimama, refu kumzidi mtu. Kulisafirisha ni shughuli, na ndani ya bendi yenye tarumbeta na ngoma lilikuwa halisikiki. Isitoshe, halikuwa na alama shingoni, kwa hiyo mpigaji lazima awe na sikio kali sana.

Besi la Leo lilivaliwa begani kama gitaa, lilichomekwa kwenye amplifaya, na shingoni lilikuwa na vyuma vya kuonyesha kila noti ilipo. Walikuwepo waliofikiria besi la umeme kabla yake, lakini la Leo ndilo lililoenea duniani.

Ukisikiliza dansi la Tanzania la miaka ya 1970 ukahisi kuna kitu kinakuvuta kiunoni kutoka chini, ni besi la umeme hilo. Taarab ya Tanga nayo ilipochukua besi, ilibadilika. Mdundo ukawa mzito, watu wakainuka vitini.

Pikapu tatu, swichi moja

Leo hakuwa mtu wa kuridhika. Hakujua kupiga, kwa hiyo akawatumia wanaojua. Wanamuziki wa kumbi za California walikuwa wanachukua gitaa la majaribio, wanalipiga usiku kucha, kesho yake wanarudi na orodha ya malalamiko. Pembe za mbao zinachoma mbavu. Sauti haina aina za kutosha. Linachosha bega.

Mwaka 1954 yakatoka majibu ya malalamiko hayo: Stratocaster. Kona zake zilichongwa zikae vizuri mwilini. Lilikuwa na mkono wa chuma wa kutikisa sauti. Na badala ya pikapu moja au mbili, lilikuwa na tatu.

Kwa nini tatu? Kwa sababu pikapu iliyo karibu na daraja, kule nyuzi zinapofungiwa, inatoa sauti kali na nyembamba. Iliyo karibu na shingo inatoa sauti nene na laini. Ya katikati iko katikati kweli. Uzi ni ule ule, mkono ni ule ule, lakini mahali pa kusikilizia ndipo panapobadilisha sauti.

Swichi ya mwanzo ilikuwa na nafasi tatu, ya kuchagua pikapu moja moja. Wapigaji wakatundu wakagundua kwamba ukiisimamisha swichi katikati ya nafasi mbili, pikapu mbili zinafanya kazi pamoja, na inatoka sauti tamu yenye kama kengele kwa mbali. Leo hakuwa ameipanga hiyo. Kiwanda kilikuja kuweka swichi ya nafasi tano mwaka 1977, wakati yeye keshaondoka zamani.

Yaani hata sauti maarufu kuliko zote za gitaa lake, waliivumbua wapigaji wenyewe.

Kitu kimoja kilimshinda kwenye miundo hiyo ya awali: kelele ya kuvuma. Pikapu ya koili moja inanasa kila kitu, hata mngurumo wa nyaya za umeme ukutani. Aliyepata dawa ni fundi wa kampuni pinzani ya Gibson, Seth Lover, aliyeunganisha koili mbili kinyume ili kelele ya moja iue ya nyingine. Pikapu hizo zilianza kuwekwa kwenye magitaa mwaka 1957. Tangu hapo dunia ya gitaa imegawanyika kambi mbili: wanaopenda ung'avu wa koili moja na wanaopenda unene wa koili mbili.

Aliuza akidhani anakufa

Kufikia miaka ya 1960, magitaa ya Fender yalikuwa kila kona. Kiwanda kilikuwa na mamia ya wafanyakazi. Lakini mwenyewe alikuwa anaumwa.

Kwa miaka kadhaa Leo alisumbuliwa na maambukizi kwenye mianzi ya pua yasiyopona. Alidhoofika, akaamini siku zake zinahesabika. Hakuwa na mtoto wa kumrithisha. Akaamua kuuza kila kitu.

Januari 1965, kampuni kubwa ya utangazaji ya CBS ilinunua kampuni yake kwa dola milioni 13. Kwa hesabu za wakati ule si mchezo. CBS hao hao, miezi michache nyuma, walikuwa wametoa dola milioni 11.2 kununua asilimia 80 ya klabu kubwa ya besiboli, New York Yankees. Kampuni ya fundi redio iliwagharimu zaidi ya asilimia 80 hiyo ya Yankees.

Halafu likatokea lisilotarajiwa. Leo akabadilisha daktari, akapata tiba, akapona.

Sasa piga picha. Mtu mzima, ana afya, ana pesa za kumtosha maisha yote, lakini jina lake si lake tena. Nembo ya Fender ilikuwa mali ya CBS. Mkataba ulimzuia kwa miaka kadhaa kushindana nao. Akabaki mshauri mpaka 1970, akitoa mawazo ambayo wakubwa wapya hawakuwa na haraka nayo.

Na wapigaji wakaanza kulalamika. Wengi waliona ubora unashuka, kiwanda kinakimbilia wingi. Ndiyo maana mpaka leo magitaa ya Fender yaliyotengenezwa kabla ya 1965 yanauzwa kwa bei ya kutisha.

Mwaka 1969 Jimi Hendrix alipiga Stratocaster kwenye tamasha la Woodstock, na dunia nzima ikaliona. Aliyelibuni alikuwa pembeni, halimhusu tena kisheria.

Kuanza upya uzeeni

Mkataba ulipoisha, Leo hakukaa kibarazani. Mwaka 1975 alitangazwa rais wa kampuni ya Music Man, iliyoanzishwa na watu waliowahi kufanya naye kazi. Mwaka 1976 wakatoa besi la StingRay, lenye saketi ndogo ya kukuza sauti ndani ya besi lenyewe, inayoendeshwa kwa betri. Mpigaji akaweza kuongeza au kupunguza besi na ukali bila kugusa amplifaya.

Mwaka 1979 ulikuwa mchungu. Esther, aliyebeba nyumba kipindi kile mishahara haipatikani, alifariki kwa saratani. Uhusiano na Music Man nao ulikuwa unavunjika.

Leo alikuwa anafikisha miaka 70. Akamtafuta tena George Fullerton, yule kijana wa 1948, wakaanzisha kampuni nyingine. Jina lake lilikuwa herufi mbili tu: G na L, George na Leo. Karakana ilikuwa palepale Fullerton, kwenye barabara iliyopewa jina lake, Fender Avenue. Hakuruhusiwa kuweka jina lake kwenye gitaa, lakini lilikuwa kwenye kibao cha mtaa.

Mwaka 1980 akaoa tena, mke wake akiitwa Phyllis. Na kila siku alikwenda karakanani. Kazi yake kubwa ilikuwa ile ile ya siku zote: pikapu. Alibuni aina mpya ambayo mpigaji anaweza kupandisha au kushusha kila nguzo ya sumaku chini ya kila uzi, ili nyuzi zote zisikike sawa.

Mwaka 1985 CBS nao wakachoka, wakaiuza kampuni ya Fender kwa kundi la wafanyakazi wake kwa dola milioni 12.5. Pungufu ya bei waliyonunulia miaka 20 nyuma.

Uzeeni Leo alipata ugonjwa wa Parkinson. Mikono ikatetemeka, mwendo ukapungua, lakini aliendelea kwenda kazini. Alifariki Machi 21, 1991, akiwa na miaka 81. Siku moja tu kabla yake alikuwa karakanani. Wenzake waliacha meza yake ya kazi kama alivyoiacha, na vifaa juu yake.

Mwaka 1992 aliingizwa kwenye jumba la heshima la muziki wa rock Marekani, mtu asiyejua kupiga hata wimbo mmoja wa gitaa.

Alichotuachia

Urithi wake mkubwa labda si Telecaster wala Stratocaster. Ni ile skrubu.

Leo hii kijana wa kwaya, wa bendi ya dansi au wa taarab anaweza kununua gitaa la bei nafuu lenye umbo la Fender, lililotengenezwa Asia. Mara nyingi mbao yake si mbaya, tatizo liko ndani: pikapu dhaifu, vitufe vinavyokwaruza, waya ulioshikizwa shingo upande. Kwa sababu ya Leo, hahitaji kulitupa. Anafungua bamba, anabadilisha.

Wanaotaka kujaribu wajue mambo machache. Pikapu za koili moja kwa kawaida hutumia vitufe vya kilo-omu 250, za koili mbili hutumia vya 500. Ukichanganya, sauti inaweza kuwa kali mno au ikazibwa. Kubandika foili ya shaba ndani ya uwazi wa gitaa, na kuiunganisha na waya wa ardhi, kunapunguza ule mvumo. Na kabla ya kubadilisha pikapu, jaribu kwanza kuipandisha au kuishusha kwa bisibisi. Ikikaribia nyuzi mno, sumaku inazivuta, gitaa linasikika kama halijatunzwa.

Kwa wa Kigombe, Pangani na mwambao wote kuna adui mwingine: chumvi ya baharini. Upepo ule unaofaa kwa ngalawa unakula skrubu, tundu la kuchomekea waya na vitufe vya sauti. Gitaa likianza kukwaruza, mara nyingi si pikapu iliyokufa, ni kutu. Kulifuta kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupiga na kulihifadhi ndani ya mfuko kunaokoa pesa.

Ikishindikana, lipeleke kwa fundi redio wa mtaani. Gitaa hilo lilibuniwa na fundi mwenzake, ili aweze kulifungua.